Jembe Halitaingia Kwangu

Mwalimu Mukamana alikuwa mtu wa kusahihisha. Ukimkuta amenyamaza mbele ya mtu aliyesema "mukono" badala ya "mkono", ujue amelala, au ujue anaumwa. Alizaliwa na kukulia Ngara, upande wa Tanzania, wazazi wake wakiwa wakimbizi, na aliporudi Rwanda akiwa na miaka ishirini na saba alikuja na mume, masanduku mawili na Kiswahili sanifu. Mume alikwisha kufa. Masanduku yaliliwa na mchwa. Kiswahili ndicho kilichobaki, na hicho hakumruhusu mtu yeyote akichezee.

Sasa fikiria mtu wa namna hiyo, miaka thelathini anafundisha Kiswahili Kigali, mji ambao r na l ni mapacha na hakuna anayejali yupi katangulia kuzaliwa. Mwanafunzi anamwomba "karamu" ya kuandikia, naye anamuuliza kama wazazi wameshaalikwa. Jirani zake wa Kabeza walimpenda, lakini walimsalimia kwa Kinyarwanda, kwa usalama wao.

Mwezi huo wa Oktoba alikuwa na rundo la insha tisini mezani, juu ya mada aliyoitunga mwenyewe: namna ya kukabiliana na msongo wa mawazo. Watoto waliandika vizuri. Lala mapema, waliandika. Tembea kwa miguu. Zungumza na mtu unayemwamini, usibebe mzigo wote peke yako. Yeye akapiga mistari myekundu palipokosewa, akaandika "Vema" pembeni, huku kichwa kikimgonga na shingo imekakamaa. Mganga hajigangi.

Insha zenyewe alizisoma kwa kuzisogeza hadi puani, maana mtoto wa jicho alikuwa amemwingia macho yote mawili. Nyuso za watu alizitambua kwa sauti. Daktari alisema jambo lenyewe ni dogo, upasuaji wa nusu saa, tena wataanza na jicho la kulia. Tatizo lilikuwa presha. Mara ya kwanza alipofika siku ya upasuaji walimpima, wakamrudisha nyumbani. Mara ya pili, Alhamisi ile, mashine ilisoma mia na sabini na sita kwa mia na nne, na daktari akavua miwani.

"Mwalimu, sipasui jicho presha ikiwa hapo," alisema. "Nakupa nafasi nyingine wiki ya tatu ya Novemba. Ikiwa chini ya mia na sitini kwa mia, tunaingia chumbani. Ikizidi, orodha imejaa mpaka mwakani."

Mwakani. Na Gaju, mwanawe wa pekee, alikuwa anaposwa Jumamosi ya kwanza ya Desemba. Ukoo wa kijana aitwaye Ntare ungetoka Rebero na kuja Kabeza kuomba mchumba na kutoa mahari, mbele ya watu mia mbili, Gaju akiwa amevaa umushanana, vazi la sherehe la Kinyarwanda, alioufunga zamani bibi yake. Bila upasuaji, Mwalimu Mukamana angekaa kiti cha mbele akitazama ukungu wenye urefu wa Gaju. Hilo lilimuuma kuliko jicho lenyewe.

Muuguzi aliyempima aliitwa Christella, binti mcheshi aliyekulia Burundi, ambaye Kiswahili chake alikiokota sokoni Bujumbura. Aliposoma kwenye faili kwamba mgonjwa ni mwalimu wa Kiswahili, akaona hapa ndipo pa kukitumia. Ndivyo watu wanavyofanya: wakikutana na mwalimu wa Kiswahili wanamtandikia chote walicho nacho.

"Mwarimu, kaa vizuri," alikuwa amesema kabla ya kumpima. "Rete mukono."

"Lete. Na ni mkono."

"Usiongee, Mwarimu. Presha inapanda ukiongea."

"Inapanda nikisikia 'rete'."

Mashine ikavuta pumzi zake, ikambana mkono, na Mwalimu akaendelea kusahihisha mpaka namba zilipotoka. Christella alimpima tena baada ya dakika tano. Namba zilikuwa zilezile, ila moja.

Baada ya daktari kwenda zake, Christella alivuta kiti akakaa karibu. Alimuuliza kuhusu vidonge. Mwalimu anakunywa kila asubuhi, hajaruka hata siku moja. Chumvi? Ameacha. Usingizi? Hapo Mwalimu akajibu kwa Kinyarwanda, "Nta kibazo", hakuna shida, jibu ambalo Mnyarwanda hulitoa hata nyumba ikiwaka moto. Christella akafunga faili.

"Mwarimu, dawa unakunywa, chumvi umeacha," alisema. "Kimebaki kitu kimoja tu. Tafuta mahari. Bira mahari, hii presha haishuki."

Siku nyingine yoyote, "bira" ingekula bakora. Siku hiyo Mwalimu Mukamana hakuisikia kabisa. Alichosikia ni mahari. Huyu binti amejuaje? Nani wa Kabeza amekuja kusema hospitalini? Alichukua mkoba wake, akaaga kwa sauti ndogo, akatoka bila kumsahihisha mtu mpaka kituo cha basi.

Maana mahari ndiyo iliyokuwa imemkaa kooni.

Wiki tatu zilikuwa zimepita tangu yeye na Gaju wagombane, na wiki tatu hizo walikuwa wameishi nyumba moja kwa kupishana mlangoni. Ugomvi ulianza kwa jambo dogo. Gaju alikuja jikoni na orodha ya vitu ambavyo ukoo wa Ntare utaleta siku hiyo: ng'ombe wawili, vinywaji, na jembe, kwa sababu wazee wa Rebero wanapenda mila zifuatwe, na kwa mila jembe ni sehemu ya mahari. Hapo mama mtu aliweka chini kisu cha kumenyea ndizi.

"Jembe halitaingia kwangu," alisema. "Na ng'ombe wawe sita. Wanaotembea kwa miguu yao."

"Ng'ombe sita tutawafunga wapi, Mama? Kwenye tangi la maji?"

"Hiyo kazi yao."

"Unaniuza au unaniozesha?"

Neno hilo likatoka, na likishatoka halirudi. Mwalimu alinuna. Gaju naye ni mtoto wa mama yake, akanuna vilevile, tena kwa ustadi zaidi. Tangu hapo walisalimiana asubuhi kama watu wa ofisi mbili tofauti. Mama akajitosa kwenye maandalizi peke yake, hema, viti, chakula, na kwenye kundi la WhatsApp la kamati ya harusi akawa anasahihisha mpaka ujumbe wa mpishi. Shemeji yake Rutayisire, ndugu wa marehemu mumewe, ambaye ndiye angesema kwa niaba ya ukoo, alijitolea mara mbili kumsaidia. "Nta kibazo, shemeji," alimjibu mara zote mbili. Alikuwa akilala saa tatu akaamka saa nane, na kuanzia saa nane mpaka alfajiri alihesabu vigae vya dari asivyoviona.

Basi alipotoka hospitalini jioni ile, kila hatua ilikuwa inasema mahari, mahari. Alifika nyumbani, akamkuta Gaju sebuleni anapiga pasi. Akakaa bila kuvua viatu. Jambo alilotaka kulisema alikuwa hajawahi kumwambia mtu yeyote tangu azaliwe, na ulimi wake, uliozoea kukimbia, ukawa mzito.

"Gaju, zima hiyo pasi."

Gaju alizima. Labda sauti ndiyo iliyomwambia.

"Mimi niliolewa kwa jembe," alisema Mwalimu Mukamana. "Si jembe na ng'ombe. Jembe peke yake. Kule kambini Ngara baba yako hakuwa na kitu, na watu wake wakaahidi ng'ombe atakuja mvua zikinyesha. Zikanyesha. Zikanyesha tena mwaka wa pili. Shangazi zako wakaniita Mke wa Jembe. Nikipika, chakula cha Mke wa Jembe. Ulipozaliwa walikuja kukuona, mmoja akacheka akasema, haya, jembe limezaa. Mimi nikawa nacheka nao. Nilicheka miaka kumi na minne, mpaka baba yako anakufa."

Gaju alibaki amesimama na shati mkononi.

"Sikuuzi," mama aliendelea. "Ng'ombe sita nitawapeleka wapi mimi? Sitaki tu mtu akuite jina."

Alidhani atalia, lakini aliyelia ni Gaju. Alipiga magoti kwenye zulia, akaweka kichwa mapajani pa mama yake kama alivyofanya akiwa darasa la pili, na Mwalimu akawa anampapasa kilemba bila kuona rangi yake. Walikaa hivyo mpaka taa za barabara ya uwanja wa ndege zikawaka. Usiku ule alilala saa nne, akaamshwa na jogoo wa jirani. Jogoo yule aliwika kila siku, lakini wiki zile tatu alikuwa akimkuta macho wazi.

Asubuhi Gaju alimuuliza jembe lenyewe lilikwenda wapi.

Lilikuwepo. Baba yake Mwalimu, siku walipofungasha kurudi Rwanda, alimrudishia. Alimwambia, chukua, hili ni lako. Naye alilizungushia gunia, akalitupa nyuma ya tangi la maji, na likakaa huko tangu Gaju hajaanza shule. Gaju alilivuta likiwa limeshika kutu, mpini umeoza. Akalibeba mpaka kwa seremala wa Kabeza akalitilia mpini mpya.

"Mama, ama tulitupe, ama lifanye kazi," alisema. "Kutunza kitu kinachokutukana ndani ya ua wako, hapana."

Kazi ilikuwa Ndera. Marehemu mumewe aliacha kiwanja huko, kipande kidogo ambacho kila mtu alikuwa akisema kijengwe, na ambacho mpaka siku hiyo kilikuwa kimeota majani tu. Mvua za Oktoba zilikuwa zimelainisha udongo. Basi Mwalimu Mukamana akaanza kwenda Ndera Jumatatu, Jumatano na Ijumaa akitoka shule, na Jumapili baada ya misa. Sasa, Kigali ukimwambia mtu unaenda Ndera mara nne kwa wiki, hakuulizi unalima nini, maana Ndera ndiko iliko hospitali ya wagonjwa wa akili. Jirani mmoja alimshika mkono kwa huruma, akamwambia Mungu yupo. Mwalimu alimshukuru. Zamani angemweleza kwa dakika ishirini.

Siku ya kwanza alilima hatua tatu akakaa. Siku ya pili, tano. Hakuona vizuri majani na miche, lakini jembe halihitaji macho makali, linahitaji mgongo na subira. Alijifunza kusikiliza pumzi yake: inua, vuta, shusha, toa. Wakati mwingine alikaa tu juu ya jiwe akinywa maji, bila insha, bila simu, akinusa udongo. Alipanda maharage. Aliporudi nyumbani alikuwa na njaa ya kweli na usingizi wa kweli.

Mengine yalifuata yenyewe. Alimpigia Rutayisire. "Shemeji, hema na viti nakuachia wewe. Chakula pia."

"Unaumwa?" aliuliza Rutayisire.

"Nilikuwa naumwa."

Kwenye kundi la WhatsApp alinyamaza kwa wiki nzima, watu wakaanza kuulizana kama simu yake imeibwa. Vidonge aliendelea kumeza kila asubuhi saa moja, maana hakuwa mjinga wa kudhani jembe ni daktari. Na kuhusu mahari alimwambia Gaju kwa mdomo wake: waje na walicho nacho, na jembe lao walilete. Alisema hivyo. Moyoni bado hakuwa na hakika kama siku hiyo ataweza kulitazama.

Wiki ya tatu ya Novemba ikafika. Gaju alimsindikiza mpaka mlango wa chumba cha kupimia, akabaki nje. Ndani alikuwepo Christella yuleyule.

"Mwarimu, karibu. Kaa, weka miguu chini, pumua porepore dakika tano."

Mwalimu alikaa. Mikono aliilaza mezani kabla ya kuambiwa. Dakika tano zikaisha, Christella akamfunga kitambaa cha mashine mkononi, akabonyeza kitufe, na mashine ikaanza kuvuta pumzi.

"Uripata mahari?" aliuliza Christella.

Mwalimu alitikisa kichwa kukubali, midomo imefungwa.

"Vizuri sana. Wapi?"

Wapi? Mwalimu alikunja uso. Mahari hupatikana wapi, zaidi ya kwa wenye kijana?

"Mimi nawaambia wagonjwa wote," Christella aliendelea, akitazama mashine. "Kira mutu atafute mahari yake. Kama chini ya muti, kama kanisani, kama shambani. Mahari ya kupumzika. Bira mahari ya kupumzika, dawa peke yake inachoka."

Mahali.

Ewe Mola. Mahali. Alikuwa amemwambia atafute mahali.

Mashine ilikuwa imebana mpaka vidole vinakufa ganzi. Mwalimu Mukamana, mwenye miaka thelathini ya kupambana na r na l, aliyekosoa maneno ya binti huyu siku ile akaliacha lile moja lililokuwa na kosa la maana, alihisi kicheko kikipanda kutoka tumboni. Na nyuma ya kicheko lilikuja somo zima, limeshajipanga ubaoni: l, ncha ya ulimi nyuma ya meno, ma-ha-li. Lilimwasha ulimi. Lakini mkono ulikuwa ndani ya mashine, na namba zikikataa, Desemba ataona ukungu. Akafumba macho. Akalikumbuka jembe. Inua, vuta. Shusha, toa. Somo likakaa kooni, likasubiri, kisha likashuka lenyewe.

Mashine ikalia.

"Mia na arobaini na sita," Christella alisoma polepole. "Kwa themanini na nane. Mwarimu, unaingia."

Hapo ndipo alipocheka. Alicheka mpaka Gaju akafungua mlango kuona kuna nini, mpaka machozi yakamtoka kwenye macho yale mabovu, na Christella akawa anauliza, nimesema vibaya? Nimekosea neno?

"Hapana, mwanangu," alisema Mwalimu Mukamana, akijifuta. "Umesema sawasawa."

Walimpasua jicho saa tano asubuhi. Kesho yake walipoondoa bandeji alitazama mbele yake, akamwona Gaju amekaa ukingoni mwa kitanda, uso wote upo, mpaka kovu dogo la nyusi alilolipata alipoanguka kwenye ngazi za shule. Alikuwa amelisahau kovu hilo.

"Umekonda," mama alimwambia.

"Wewe ndiye uliyekuwa huoni," Gaju akajibu.

Jumamosi ya kwanza ya Desemba watu wa Rebero walikuja, hema likiwa limejaa. Wasemaji walishindana kwa maneno kama ilivyo desturi, Rutayisire akitamba mpaka wageni wakapiga makofi. Mwalimu Mukamana alikaa mbele akiona kila kitu: nani kavaa kiatu kisicho chake, nani anasinzia. Ng'ombe wawili walisifiwa kwa nyimbo. Kisha mzee mmoja wa upande wa Ntare akasimama akiwa amebeba jembe kwa mikono miwili, na mashangazi wa Gaju, wale wawili waliobaki, wakageuka wote kumtazama Mke wa Jembe.

Alinyanyuka kitini mwenyewe. Alitembea mpaka katikati ya hema, akalipokea jembe kwa mikono miwili vilevile, na kwa jicho lake jipya akaona karatasi ya dukani bado imebandikwa kwenye bapa. Akaibandua kwa ukucha, taratibu, watu wakimsubiri. Mikono yake ilikuwa na sugu mpya viganjani, na mashangazi waliziona. Hakuna aliyecheka.

Baadaye, hema likibomolewa na zawadi zikiingizwa ndani, Gaju alipita na umushanana wake umepandishwa magotini, jembe jipya begani.

"Mama, hili niliweke wapi?"

Mwalimu Mukamana alitazama ukutani, nyuma ya mlango, ambako jembe la zamani lilikuwa limeegemezwa na udongo wa Ndera ungali mbichi juu yake.

"Mahari pake," alisema.

Gaju, aliyelelewa kwa r na l tangu hajaota meno, alisimama palepale akimtazama, akisubiri mama yake ajisahihishe. Mama yake alikunywa chai yake.